Nyeupe Haimo Kwenye Orodha

Ofisini kwetu rangi zina sheria, na askari wa sheria hizo ni mimi. Rangi halali ni sita tu, ikiwamo nyeupe na ile damu ya mzee ambayo mkurugenzi anaipenda kuliko baadhi yetu. Nembo, aikoni, mchoro wa kalenda, chochote kinachotoka nje sharti kipite kwangu kwanza.

Ukiitazama juu juu, kazi yenyewe ni mteremko. Michoro hutufikia kama faili za SVG, na faili la SVG ndani ni maandishi matupu. Ukilifungua kwa programu ya kuandikia, unakuta rangi zimetajwa waziwazi, nyingi kwa alama ya reli na tarakimu au herufi sita. Damu ya mzee ni #800000. Basi kijana wetu wa kompyuta akatunga programu ndogo ya kusoma kila faili na kulinganisha rangi zake na orodha. Tukampigia makofi. Mimi nikajiona nimeshastaafu.

Kitu cha kwanza ilichokataa ni nyeupe.

Orodha yetu inasema #FFFFFF. Mchoraji mmoja kaandika #fff, mwingine kaandika “white”, wa tatu kapanga 255 tatu ndani ya mabano. Zote ni nyeupe ileile, nyeupe pepepe, lakini programu haina macho. Ni yule karani wa dirishani anayekurudisha nyumbani kwa sababu cheti kinasema Mohamed na barua inasema Muhammad. Ikanibidi nimpigie simu mchoraji, mtu mzima na ndevu zake, nimwambie nyeupe yake ina kasoro.

“Kaka, kasoro gani? Imeingia doa?”

Jibu la maana sikuwa nalo.

Wakati huohuo wahalifu wenyewe wanapita kifua mbele. Umbo lisilotajiwa rangi yoyote, kompyuta hulipaka jeusi tititi. Nyeusi kwetu ni marufuku, ila faili halikutaja kitu, na bubu hana kesi. Mwingine katumia damu ya mzee halali kabisa, kisha akaipunguzia ukolezo nusu juu ya nyeupe. Kwenye maandishi ni #800000, kwenye kioo ni waridi lililopauka. Mkurugenzi akatoka chumbani kwake kuuliza nani kaleta pinki.

Aliyetia fora ni yule aliyechukua picha ya simu, mama kavaa kitenge chenye kila rangi aliyoumba Mungu, akaichomeka nzima nzima ndani ya SVG. Picha ya namna hiyo ndani ya faili huwa ni msururu mrefu wa herufi zisizosomeka, na programu haikupata hata rangi moja ya kuuliza. Taarifa ikaja: makosa 0. Ndilo faili safi kuliko yote tuliyowahi kupokea.

Ndugu wachoraji, nawaombeni sana: rangi ziandikeni kwa tarakimu kamili, vitenge viacheni kwenye simu, na mkitaka pinki mniambie mapema, nimwandae mkurugenzi.