Mpwa Wangu na Machimbo ya Dar

Siku hizi mgeni akija Dar es Salaam haji kutembea, anakuja kusaka machimbo. Zamani ndugu akitoka mkoani ulikuwa unampeleka Coco Beach akale mihogo, unampitisha kwenye Sanamu ya Bismini mkiwa ndani ya daladala, unamwonyesha meli pale Kivukoni, basi. Jioni anarudi na mchanga kwenye viatu na habari za kwenda kuwasimulia wenzake mwaka mzima. Gharama yake nauli na soda mbili. Sasa mgeni anashuka na orodha kwenye simu, na orodha yenyewe imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kugombea daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni.

Wangu alitoka Dodoma. Ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, kamaliza chuo, anasubiri ajira, na katika kuisubiri kajiajiri kurekodi video. Dada alinipigia simu: "Kaka, mtembeze mtoto, asije akakaa ndani tu." Mtoto mwenyewe kanizidi kimo. Alipanda treni ya umeme Dodoma asubuhi, na adhana ya adhuhuri ikamkuta Dar anasifia viti. Kutoka stesheni hadi kwangu Tabata tulikaa kwenye foleni muda ambao treni ileile ingekuwa imeshamrudisha Morogoro na kumsubiri anywe chai.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Kesho tunakwenda Coco Beach."

"Ah, mjomba! Coco kila mtu anaijua. Kisiwani Mbudya nako watu wameshaposti mpaka pamechakaa. Mimi nataka machimbo. Sehemu ambazo watu hawazijui."

Nikajaribu kumweleza kwamba sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5 katika mkoa huu. Sasa mahali ambapo watu milioni 5 wote hawapajui patakuwa wapi? Dar hata chini ya daraja utamkuta mtu ametandika anauza chaja za simu, na ukimwuliza atakwambia yupo pale tangu enzi za Mzee Mwinyi. Hakunisikiliza. Mtu anayetoka makao makuu ya nchi hasikilizi wa mkoani.

Tukaanzia Boma la Kale, Barabara ya Sokoine, karibu na zinakopandiwa boti za Zanzibar. Hapo watu wanapita kila siku wakikimbizana na boti, begi kichwani, mpiga debe kawashika mkono, na ni nadra kumwona anayeinua macho. Jengo lipo pale tangu mwaka 1867 hivi, kuta nene za mawe ya matumbawe, mlango wa nakshi. Alilijenga Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, yule aliyeamua kuufanya mji mahali palipokuwa na kijiji cha Mzizima, na alilijenga kwa ajili ya kulaza wageni wake. Nilisimama mbele ya ule mlango nikaona uchungu. Mji huu ulipata nyumba ya wageni kabla haujapata karibu kitu kingine chochote, lakini wageni wanalala sebuleni kwangu.

Majid alifariki mwaka 1870, na mji wake ukasimama vilevile kama nyumba iliyoishia kwenye renta. Ulikuja kuchangamka Wajerumani walipohamishia serikali yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kwa hiyo ukiona mtu wa Dar ameanza kujenga akakwama, usimcheke. Tabia hiyo ina umri mkubwa kuliko jiji lenyewe.

Mpwa akarekodi mlango, akarekodi dari, akanigeukia: "Pazuri, mjomba. Lakini hapa watu wanapendea nini?"

Nikakaa kimya. Tukaenda Bustani ya Mimea, kule mwisho wa Mtaa wa Samora. Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 kujaribia mimea waliyotaka kuilima katika koloni. Leo ni kivuli, njia za kutembelea na wafanyakazi wa ofisini wanaokula wali kwenye hotipoti. Ndani yake upo mnazi wa Shelisheli, ule ambao mbegu yake ni kubwa kuliko mbegu zote duniani na ina umbo ambalo mjomba hawezi kulieleza mbele ya mpwa wake. Nikamwachia asome mwenyewe kwenye simu. Alisoma, akanyamaza, tukaendelea na safari kwa heshima.

Tulipotoka nje alitaka kupiga picha ukuta fulani wenye maua yaliyotambaa. Mlinzi akachomoka sijui wapi, kama vile alizikwa hapo akisubiri simu itolewe mfukoni. "Hapa hairuhusiwi." Nikamwuliza ni ofisi gani. "Hiyo siruhusiwi kusema." Nikamwambia mpwa: haya, chimbo umelipata. Hata anayelilinda halijui.

Kwenye Barabara ya Bagamoyo nilimwonyesha makaburi ya askari wa vita vya dunia. Nyasi zake zimekatwa vizuri kushinda viwanja vingi tunavyolipia kiingilio kutazama mpira, mawe yamepangwa kwa mstari, na nje ya ukuta bodaboda zinalia. Askari wale hawakuzikwa hapo mwanzo. Walikuwa Ocean Road, na mwaka 1968 makaburi zaidi ya 600 yakahamishwa ili barabara mpya ipite. Nani alisema Dar ukishakufa ndiyo umepumzika? Sijui kama nao walipigwa alama ya X nyekundu na kupewa notisi, lakini nilitoka pale nikiwa na amani kidogo kuhusu lile banda langu la uani.

Kichekesho chenyewe ni Kijiji cha Makumbusho. Hakuna mtu wa Dar asiyejua Makumbusho. Ukisimama popote kando ya barabara kubwa, konda ataning'inia mlangoni akiita "Makumbusho, Makumbusho, Makumbusho" mpaka sauti ikauke. Kituo kinaitwa Makumbusho, wanaouza viatu vya mtumba pale wanajitambulisha kuwa ni wa Makumbusho, na jirani yangu amepanga Makumbusho miaka yote. Mwulize makumbusho yenyewe yako wapi, atakuonyesha kituo cha daladala. Kumbe ukivuka kelele zile kidogo tu kuna kijiji kizima kilichowekwa tangu miaka ya 1960, nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake halisi: msonge wa Wahaya, nyumba ya Wazaramo, tembe la Wagogo.

Mbele ya tembe mpwa wangu alisimama kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Udongo juu, udongo pembeni, paa la bapa, mlango wa kuinamia. Nikadhani ameguswa. Akashusha simu.

"Mjomba, hii si nyumba ya bibi mzaa baba?"

"Ndiyo yenyewe."

"Yaani nimepanda treni, nimelala kwenye kochi, nimelipa kiingilio, nakuja kuangalia nyumba ya bibi? Ya bibi ina na mbuzi."

Sikuwa na la kujibu. Ni kweli pale hapakuwa na mbuzi.

Safari ya Kunduchi ndiyo iliyonimaliza. Kunduchi kuna magofu: msikiti wa kale unaosemekana kuwa wa karne ya 16, na makaburi ya nguzo ya karne ya 18, yamesimama katikati ya mibuyu. Tukashuka barabarani, nikamwita kijana wa bodaboda.

"Tupeleke kwenye magofu."

"Magofu ya nani, mzee?"

"Magofu ya kale."

Akacheka, akatuonyesha kwa mkono kushoto na kulia. "Mzee, huku magofu yamejaa. Lile la ghorofa mwenyewe alifukuzwa kazi. Hili hapa ndugu wapo mahakamani. Lile pale jamaa ameishiwa kwenye bati. Wewe unataka la nani? Kama unanunua nikuunganishe na dalali."

Ilibidi nimweleze kwamba natafuta wafu wa zamani, si kiwanja. Akakuna kofia ya helmeti. "Aah, makaburini! Si ungesema? Umefiwa?" Akashusha sauti, akapunguza na nauli. Sikumkatalia. Kwa jua lile, pole ya mia tano ni pole.

Tulipofika hata mpwa alisahau kidogo simu. Nguzo zimesimama kimya juu ya makaburi, chokaa imekula chumvi ya bahari, na kwenye nguzo zipo alama za duara zilizochimbwa ukutani. Hapo walikuwa wakipachika sahani na bakuli za kigeni, zikiwemo za kutoka China, kumtukuza marehemu. Baadhi ya sahani zimeng'oka na kuacha matundu yaliyo duara kamili, unaweza kuingiza ngumi. Nikamwambia: unaona? Vyombo vya China tulianza kuvinunua kabla Kariakoo haijazaliwa. Tofauti ni kwamba wale walivinunua mara moja, vikakaa karne mbili. Mimi sahani zangu za sikukuu iliyopita zimeshaisha.

"Mjomba, hapa pazuri kweli," akasema. "Ila nikiposti, watu wataniuliza wanakula wapi."

Hapo ndipo nilipolegea kwa njaa. Nikampeleka kwangu. Sisemi Tabata, nasema kwangu hasa: uchochoro mmoja Kariakoo, ambako mama mmoja anachoma chapati juu ya jiko la mkaa na kuzigawa na maharage ya nazi. Benchi lake lina mguu mmoja mfupi uliokingwa kwa tofali, na kila mteja wa kawaida anajua akinyanyuka aage kwanza, la sivyo mwenzake wa upande wa pili anakwenda chini na sahani. Chapati mia tano, maharage elfu moja. Pembeni mzee wa kahawa anagonganisha vikombe, kashata zipo kwenye kopo, na wazee wawili wanacheza bao huku wakitukanana kwa adabu. Hakuna jina la mahali, wala namba ya kulipia kwa simu. Ukikosa chenji, mama anakwambia utaleta kesho, na kesho unaleta.

Mpwa alikula, akalamba kidole, akainua simu. Nilimwona. Nilikuwa nina chapati mdomoni.

Video ile iliangaliwa na watu wengi kuliko waliohudhuria harusi zote za ukoo wetu. "Chimbo la Kariakoo usilolijua!" Wamekuja na kamera, wamekuja na wapenzi wao, mmoja amekuja na mbwa, Kariakoo! Sasa kuna foleni. Chapati imefika elfu moja, maharage yamepata jina jipya na jani la giligilani juu. Benchi limebadilishwa kwa viti vya plastiki, kwa hiyo hakuna tena haja ya kumuaga mtu. Pameletwa spika inayopiga singeli tangu saa moja asubuhi, wazee wa bao wamehama kwa sababu hawasikii matusi yao, na ukutani kumechorwa mabawa mawili makubwa ili mtu asimame katikati apigwe picha kama malaika aliyeshiba. Mama mwenyewe simlaumu, ana watoto wanaosoma. Juzi nilikosa chenji. Kijana mpya akanionyesha namba ya kulipia.

Kunduchi, kwa upande mwingine, video yake ilipata maoni machache, na la kwanza lilikuwa la dada yangu akiuliza mbona mtoto anaonekana amekonda.

Ndivyo jiji letu linavyojigawa. Vilivyokaa miaka mia moja na zaidi vikiomba mtu apite, vimeachiwa watafiti na watoto wa shule waliopangwa mstari wawili wawili. Vilivyokuwa vinatutosha sisi wakazi, tulivyovitunza kwa kutovitaja, ndivyo vinavyowekewa spika. Nikisikia mtu analalamika kwamba Dar hakuna pa kwenda, nataka kumshika mkono nimpeleke nyuma ya kituo anachopandia gari kila siku.

Mpwa amesharudi Dodoma. Ameniambia mwezi wa kumi na mbili anakuja na wenzake watatu, wamesikia mjomba anayajua machimbo. Nimemjibu kwamba nipo tayari: nimewaandalia Boma, nimewaandalia Bustani, nimewaandalia magofu ya Kunduchi na makaburi ya Barabara ya Bagamoyo. Waposti mpaka simu zitoe moshi, huko sina kinyongo.

Ila wewe msomaji, nakuomba kitu kimoja. Jumapili hii badala ya kunitafuta Kariakoo, panda daladala lolote linaloita Makumbusho, shuka kituo cha mwisho, vuka zile kelele uingie. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo. Na mimi nimeshapata mama mwingine wa chapati, mtaa sitaji, hata ukija na dada yangu.