Skii za Wanaume wa Kisumu
Jaketi la theluji lilishafika Kisumu: limetoka mitumba ya Kibuye, sasa liko kifuani pa bodaboda anayepanda Riat juani. Zimebaki skii tu.

Mwanagenzi wa mteremko huchukua fupi na laini, za kufika kidevuni. Fundi wa kasi huchukua ndefu na ngumu. Theluji nyingi hutaka pana, zielee kama mtumbwi wa Dunga.

Na asiyekubali kuitwa mwanagenzi? Huyo, mjini wamejaa, hununua ndefu kuliko zote.

Mkenya Philip Boit hakujidai. Kwenye Olimpiki ya Nagano, mwaka 1998, kwa skii za nyika, alimaliza kilomita 10 akiwa wa 92, wa mwisho. Bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja amkumbatie.

Barafu ya Mlima Kenya inayeyuka. Mnunuzi aharakishe.