Vita Bado Viko kwa Fundi

Mwaka 2013 Mark Jacobs, mtengenezaji wa michezo ya kompyuta, alipitisha bakuli kwenye Kickstarter, mtandao wa kuchangisha fedha. Watu wakamwaga zaidi ya dola milioni 2 ili wapate mchezo wa kupigana mtandaoni, Camelot Unchained: Waarthuri, Waviking na Tuatha Dé Danann, kila kundi na ardhi yake, kila kundi na kinyongo chake. Makundi matatu, si mawili, maana kwenye ugomvi wa wawili mwenye nguvu humaliza kazi mapema. Wakiwa watatu, wanyonge wawili humgeukia mbabe. (Hesabu hiyo wanasiasa wetu wanaijua bila kompyuta.) Jacobs si mgeni wa kazi: Dark Age of Camelot ya 2001, yenye makundi matatu vilevile, ilipita mikononi mwake.

Mzigo ukaahidiwa Desemba 2015.

Wewe uliyewahi kupeleka kitambaa cha Idi kwa fundi unajua yaliyofuata. "Njoo kesho, bado vifungo." Unakwenda, bado pindo. Ukichungulia, kitambaa chako kimekunjwa vilevile kando ya pasi, na fundi kainamia kanzu ya mtu mwingine. Beta, yaani toleo la majaribio, ikaja 2018. Mwanzoni mwa 2020, wachangiaji wakiwa bado wananoa panga, studio ya Jacobs ikatangaza mchezo wa pili. Kanzu ya mtu mwingine, hiyo.

Aliyechanga akiwa kijana wa chuo sasa ana kitambi na mtoto wa shule. Mviking kamili: magoti yanamuuma, na adui hajamtia machoni.