Popo na Wageni wa Krismasi

Wewe mwenye mbwa na wakwe, wewe ndiye utakayenielewa. Kila Desemba nyumba yetu ya Marangu hufurika ndugu kutoka Dar na Arusha, na kila anayemwona Popo humhurumia. Mbwa huyu anajua kulegeza macho. Ameshiba tangu asubuhi, lakini akimtazama mtu mwenye sahani utadhani mara ya mwisho alikula Pasaka.

Mama mkwe wangu, tunamwita Jemadari na mwenyewe anapenda, hajawahi kuacha mfupa upotee. Nimemweleza kwamba mfupa uliopikwa hukauka, ukitafunwa hupasuka vipande vyenye ncha, na ncha hizo zinaweza kutoboa utumbo. Huitikia kwa heshima, “Sawa, Baba Neema,” kisha mfupa wa mbuzi unapita chini ya meza. Shemeji yangu Meya, msimamizi wa mbege tangu ujana wake, naye humwekea Popo kidogo kwenye kata kuukuu, eti naye ni wa ukoo. Pombe haimfai mbwa hata tone, nami kazi yangu ni kumwaga.

Pilau ndiyo inayoniogopesha zaidi. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka, na madhara hayaonekani siku ileile. Mnyama huanza kuzubaa na ufizi kupauka siku kadhaa baadaye, wakati aliyemlisha ameshapanda basi kurudi Dar.

Basi mwaka jana nikiwa nalinda pilau, balaa likatokea kwenye keki. Shangazi aliiweka juu ya kigoda, keki ya zabibu kavu, akaenda kusalimia jirani. Wachaga tukisalimiana Krismasi unajua inavyochukua muda. Aliporudi, sahani ilikuwa imelambwa ikang'aa.

Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa, na hakuna awezaye kukwambia punje ngapi ni salama. Mmoja hula asidhurike, mwingine hula chache akalazwa. Jemadari akaagiza maziwa. Meya akakoroga maji ya chumvi, ambayo yenyewe ni sumu kwa mbwa yakizidi. Mke wangu akawanyang'anya wote vikombe, akampigia daktari wa mifugo, akaambiwa tusimpe kitu, tumpeleke upesi. Tukateremka Moshi mjini, Neema amempakata Popo nyuma. Huyu binti jina lake la nyumbani ni Wakili. “Baba, hakuiba. Keki ilikuwa chini!” Shangazi kando yake analia, anasema angejua angeweka ndizi.

Daktari alimtapisha kwa sindano, akamwekea dripu, akampima damu. Figo zilikuwa salama. Nilimshukuru Mungu palepale kliniki, kwa sauti.

Siku hizi pipa la taka lina mfuniko mzito na chokoleti za watoto zinakaa juu ya kabati, maana nazo ni sumu kwa mbwa, hasa ile nyeusi. Jemadari amekubali yote isipokuwa la mifupa. Anasema mbwa wa marehemu mumewe aliila mpaka akazeeka. Mke wangu kaniomba nisibishane na mama yake, nami sibishani. Wageni wakiketi mezani, Popo analishwa stoo, mlango umefungwa, na ufunguo anao Wakili.