Ganzi ya Vidole na Ganzi ya Waheshimiwa

Ganzi, kwa maana ya kitabibu, ni hali ya kiungo kupoteza hisi kwa sababu mishipa ya fahamu imebanwa, imedhurika au imetiwa dawa, kama atiwavyo mtu anayeng'olewa jino. Katika machimbo ya dhahabu ya Macalder, kaunti ya Migori nchini Kenya, wachimbaji wadogo hunasa chembe za dhahabu kwa zebaki, yaani metali iliyo kimiminika, kisha huichoma, na mvuke wake ukivutwa kwa muda mrefu hudhuru mishipa hiyo. Madhara ya zebaki yalidhihirika Minamata, Japani, mwaka 1956, pale waliokula samaki wenye sumu hiyo walipokufa ganzi mikono na midomo, na Kenya ilitia saini mkataba wa kimataifa wenye jina la mji huo mwaka 2013.

Ipo, hata hivyo, ganzi ya kitamathali, ambayo huwapata waheshimiwa bila wao kugusa zebaki: mgonjwa hahisi kilio cha mchimbaji, ijapokuwa marupurupu yakichelewa siku moja humwuma mwili mzima. Ganzi hii humtoka ghafla kampeni zinapoanza, akamkumbatia kila ajuza sokoni, na humrudia kura zikishahesabiwa. Mchimbaji aliyepoteza hisi za vidole anastahili tabibu na njia salama ya kusafisha dhahabu. Mheshimiwa aliyekufa ganzi dawa yake ni kunyimwa kura.