Mpwa Wangu na Viini Vyenye Viraka

Mtu akinunua kompyuta ya mtumba akaitia Linux, hudhani kuwa amekwisha kuchagua, na kwamba tangu siku hiyo kilichobaki ni kuiwasha, kuandika barua zake na kuizima. Kumbe amefungua mlango wa kwanza tu, na nyuma yake upo wa pili ambao hakuambiwa, nao ni mlango wa kiini. Maana Linux kwa hakika yake si ule uso mzuri wenye picha na vidirisha anaouona mtumiaji, bali ni kiini kilicho chini ya yote hayo, ambacho kazi yake ni kusimamia kumbukumbu, diski, kibodi, waifai na kichakataji. Na kwa kuwa msimbo wake umekuwa wazi tangu Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipoutoa mwaka 1991, hakikosi mafundi wa kukishonea viraka. Kiraka kimoja huongeza kasi, cha pili huongeza usalama, cha tatu huondoa kilichotiwa na cha kwanza. Na kila fundi akishamaliza kushona hukitoa kiini chake hadharani, akakipa jina, na wafuasi wake wakaapa kwamba asiyekitumia anajidhulumu nafsi.

Nisingejua lolote katika haya lau si mpwa wangu, kijana wa chuo, mpole, msikivu, mwenye kuamkia kwa heshima, na mwenye maradhi yasiyo dawa ya kutoweza kuiona kompyuta inayofanya kazi asitamani kuifanya ifanye zaidi. Alinikuta nyumbani kwangu Ngamiani, Tanga, nikisikiliza taarabu ya zamani huku kompyuta ikikandamiza picha za arusi ya binti wa jirani, na kwa bahati mbaya nukta ile ile fidla ikakatika, ikanyamaza, kisha ikarukia mbele.

“Mjomba, umesikia?”

“Nimesikia. Mpigaji amekohoa.”

“Hakukohoa, mjomba. Ni kiini chako hicho. Hakigawi zamu sawasawa.”

Alichokusudia ni hiki. Kichakataji huhudumia programu nyingi kwa kuzipa zamu, kila moja kipande kidogo cha wakati, upesi kiasi cha kumfanya mtumiaji adhani zote zinakwenda pamoja. Na ndani ya kiini mna sehemu iliyopewa kazi ya kugawa zamu hizo, mfano wa yule mzee anayesimama bombani wakati wa uhaba wa maji akiamua nani ajaze ndoo na nani angoje. Programu ya muziki ina ndoo ndogo, ila haiwezi kungoja. Programu ya kukandamiza picha ina mapipa, nayo haina haraka yoyote, lakini ikishalishika bomba hailiachii kwa hiari yake. Mgawa zamu anayefaa kwa seva ya benki, inayotaka kazi nyingi zimalizike kabla ya magharibi, si lazima amfae mtu anayesikiliza fidla. Na ikhtilafu kubwa ya viini vyenye viraka, ukiivua mapambo yake, aghalabu ni ya mzee yupi asimame bombani, na je, atazame saa yake mara 250 kila sekunde, au mara 1000.

Ikhtilafu hiyo ina tarikhi, na ndani ya tarikhi hiyo yumo mtu ninayempenda ingawa sijapata kumwona. Con Kolivas, daktari wa nusukaputi wa Australia, ambaye riziki yake ilikuwa katika kuwalaza watu, alikerwa na kompyuta inayosinzia, akajifunza mwenyewe kuandika programu, akaanza kutoa viraka vilivyotambulikana kwa herufi ck mwishoni mwa namba ya toleo. Ndiyo iliyokuwa desturi ya zama hizo: Alan Cox alitia ac, Andrea Arcangeli akatia aa, Andrew Morton akatia mm, na mtumiaji akajulikana madhehebu yake kwa herufi mbili. Mwaka 2007 daktari alileta mgawa zamu aliyejengwa juu ya uadilifu, na watu wengi wakamsifu. Mara Ingo Molnár, Mhungaria aliyekuwa akiisimamia sehemu hiyo ya kiini, akaandika wake kwa siku chache juu ya fikra iyo hiyo, akimtaja daktari kwa wema, na huyo wa Molnár ndiye aliyepokewa na Torvalds akaingia katika toleo la 2.6.23. Daktari akafunga mkoba wake akaondoka. Mwaka 2009 akarejea na mgawa zamu mpya, ambaye hakumwomba mtu ampokee, akampa jina ambalo adabu hainiruhusu kulileta mbele ya msomaji, na wapenzi wa kompyuta za nyumbani wakaendelea kushona viraka vyake kwa mikono yao hata alipoiacha kazi hiyo mwaka 2021. Ama yule wa Molnár naye, mwaka 2023, katika toleo la 6.6, aliondolewa bombani akawekwa mwingine ambaye hesabu zake zilikuwa zimekwisha kuandikwa na wataalamu wawili mwaka 1995, zikalala vitabuni zaidi ya robo karne. Mimi kila nikiisoma habari hii hujikuta upande wa daktari, na nikiulizwa hoja sina, ila kwamba mtu aliyeanza kwa kukerwa na kompyuta yake mwenyewe ana haki zaidi ya kusikilizwa kuliko aliyetumwa na mshahara.

Basi nikataka shauri. Sahibu yangu mmoja, anayerekodi kasida chumbani kwake baada ya Isha, alinishika mkono akanihimiza nichukue kiini cha wakati halisi, ambacho hakiahidi wepesi bali huahidi kutochelewa, na ambacho viraka vyake vilikaa nje ya kiini kikuu karibu miaka ishirini kabla ya kukamilishwa ndani yake mwaka 2024, katika toleo la 6.12. Mwingine, mstaafu aliyetunza seva maisha yake yote, alisema kiini chema ni cha muda mrefu, kile kinachotiwa marekebisho ya kasoro na ya usalama tu miaka na miaka, na kwamba kiini unachokikumbuka ni kiini kilichokwisha kukuudhi. Mpwa wangu aliwasikiliza wote wawili kwa taadhima, kisha akaanza kutaja viini vyenye viraka, akataja Zen, akataja Liquorix, akataja XanMod, akaeleza tofauti zao kwa ikhlasi na ufasaha ambao laiti angeupeleka kwenye mitihani yake dada yangu angelala usingizi. Nikamwambia achague yeye, na hapo ndipo balaa lilipopata ruhusa.

Kiini alichokichagua, ambacho jina lake nalisitiri, kilitolewa kwa ngazi za kichakataji, na kwa tabia ya vijana akachukua ya tatu na kuziruka zilizo chini yake. Ngazi ya tatu hutaka amri za AVX2, ambazo Intel ilianza kuzitia katika vichakataji vyake mwaka 2013. Na kompyuta yangu, Mungu aiweke, ni ya zamani kuliko hapo. Tuliiwasha, skrini ikawa nyeusi, ikabaki nyeusi. Hapakuwa na ujumbe, hapakuwa na mlio, hapakuwa hata na yale maandishi marefu ya kufadhaisha ambayo angalau humpa mtu kitu cha kusoma. Mama watoto akapita na sinia ya maandazi, akatazama, akauliza kwa upole wake wa hatari:

“Jana ilikuwa ikienda polepole, leo haiendi. Ndiyo dawa yenyewe?”

Tukaokolewa na orodha ya kuwashia, iliyokuwa bado na kiini cha kawaida. Mpwa wangu, bila ya kutahayari hata chembe, akashusha ngazi ya pili. Lakini sehemu ya diski inayohifadhi viini ilikuwa ndogo nayo imejaa, basi akafuta vyote visivyokuwa chake, kile kilichotuokoa kikiwa miongoni mwavyo.

Kiini kikawaka, na kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa tulikuwa watu wenye furaha. Kisha ikadhihiri kwamba waifai haipo. Draiva ya waifai ya kompyuta yangu si katika zile zinazokuja ndani ya kiini. Hukaa nje, na kila kiini kipya kikiingia sharti ijengwe upya kwa ajili yake, wala haijengeki ila kwa faili za vichwa za kiini hicho hicho, ambazo mpwa wangu alikuwa hakuzishusha. Msomaji mwepesi amekwisha kuona tunakoelekea. Intaneti haiji bila waifai, waifai haiji bila draiva, draiva haijengeki bila zile faili, na faili ziko kwenye intaneti. Kijana alilizunguka duara hilo adhuhuri nzima, akiingia kwa mlango huu na kutokea kwa mlango ule ule, mpaka mama watoto alipotaka kujua kwa nini tusiunganishe simu yake kwa waya wa kuchajia, kama wafanyavyo wanawe umeme wa kisanduku cha intaneti unapokatika. Tukaunganisha, kompyuta ikapata mtandao, faili zikashuka, draiva ikajengeka. Nikashurutisha kiini cha kawaida kirudishwe mbele ya macho yangu, kiwe akiba. Nikaiweka taarabu. Tukasikiliza sote watatu, na fidla ikakatika pale pale.

“Hapo hukatika hata kwenye simu yangu,” akasema mama watoto. “Wimbo huo ulitolewa kwenye kaseti ya marehemu baba, na kaseti ililiwa na redio.”

Mtu mwingine angalivunjika moyo. Mpwa wangu alieleza kwamba fidla ilikuwa ishara tu, na kwamba manufaa ya kweli yamo katika wepesi wa vidirisha. Na kwa siku kadhaa baada ya hapo, kila alipokuja kuniamkia, hakupokea chai kabla ya kufungua kidirisha kimoja, kukiburura huku na huku, na kuniuliza kama naona kinavyoteleza. Nilijibu kuwa naona. Hatimaye sahibu wa kasida alitaka jina kamili la kiini hicho cha ajabu, nikamwomba kijana aniandikie, naye akafungua terminali, akaandika uname -r, amri ya kuuliza toleo la kiini kinachotumika, akabonyeza, akanyamaza.

Iliyotokea ni 6.8, ya kawaida, isiyo kiraka hata kimoja cha wale mafundi wake. Kiini chake kilikuwa cha 6.6, na orodha ya kuwashia, ambayo haijui mapenzi ya mtu, huweka juu namba iliyo kubwa. Kwa hiyo tangu siku kile cha akiba kiliporejeshwa ndicho kilichokuwa kikiwaka kila asubuhi, na kila wepesi uliosifiwa ulikuwa wake.

“Mjomba, umekigusa?”

“Sijagusa kitu.”

Akafikiri. “Basi kumbe na hiki kina mgawa zamu yule mpya,” akasema, na katika hilo alisema kweli tupu, maana aliyeingia katika 6.6 yumo katika 6.8 vile vile, na kiraka kilicho chema, japo kikae nje miaka ishirini, mwisho hupata nafasi yake ndani ya kiini kikuu, kikamfikia hata mtu wa Ngamiani asiyekiomba. Kwa anayerekodi sauti za watu sina neno, na achukue cha wakati halisi. Kwa mwenye mchezo wa video na kompyuta mpya, majaribio yana ladha yake. Ama mimi, wa barua na kaseti za marehemu mkwe, cha kawaida kimenitosha, na nimemwambia kijana hivyo.

Amekubali. Ila jana amenijia na habari ya mfumo mpya wa faili, na wasomaji walio na wapwa wa aina hii nawaomba jambo moja tu: kabla hamjawakabidhi kompyuta, hakikisheni kiini cha zamani kingalimo katika diski, na waya wa simu uko karibu.