Sifa za Vumbi la Relini

Waridi lina watungaji wake, mwezi una wapenzi wake, na wanasiasa wana waimbaji wa kukodi. Vumbi halina mtu. Basi leo najitolea kuwa mpambe wake, hasa lile vumbi teule linalotua kwenye reli za mfano: zile reli ndogo ambazo watu wazima wa Uingereza huzijenga darini, na wenzao wa Ujerumani na Marekani katika vyumba vya chini ya nyumba, pamoja na milima ya plasta, stesheni, na abiria wenye kimo cha pingili ya kidole.

Tuanze na nasaba, maana hakuna msifiwa asiye na ukoo. Vumbi la nyumbani ni nyuzi za nguo, magamba ya ngozi, manyoya ya paka na mchanga ulioingia na viatu. Ni jamaa wa karibu kabisa wa mwenye reli. Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwahi kuona treni ya mezani, lakini hawakukosea.

Utawala wake uliletwa na umeme. Mwaka 1891, kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilipopeleka reli zake za kuchezea kwenye maonyesho ya Leipzig, treni zilikwenda kwa springi. Springi ikishajazwa kwa ufunguo, Vumbi lilibaki mtazamaji tu. Treni ya umeme ni habari nyingine. Umeme hutoka reli moja, hupanda gurudumuni hadi kwenye mota, kisha hurudi kwa reli ya pili. Pale gurudumu linapogusana na reli pana nafasi finyu mno, na hapo ndipo Vumbi lilipoweka kiti chake cha enzi. Chembe zikikaa sawasawa, injini ya bei mbaya husimama katikati ya daraja, na mheshimiwa mwenye mvi huinama kuisukuma kwa kidole.

Nguvu zake zipimeni kwa kipimo cha HO, ambamo kila kitu hupunguzwa mara 87 na reli huachana kwa milimita 16.5 tu. Hapo kombo la mkate la milimita 5 ni jabali la zaidi ya sentimita 40.

Tena halibagui. Humtembelea mtoto mwenye duara moja la reli juu ya zulia, na huingia bila tiketi Miniatur Wunderland ya Hamburg, maonyesho makubwa ya reli za mfano yaliyofunguliwa mwaka 2001, likiwa limebebwa mabegani na wageni waliolipa kiingilio.

Maadui zake wana spiriti, vitambaa visivyotoa nyuzi, na behewa maalumu linalopangusa reli kwa tumbo. Wenye hasira hukimbilia msasa. Msasa huacha mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo ndiyo nyumba ambazo Vumbi lilikuwa likizitafuta.

Unafiki wao nao haufichiki. Akishamaliza kupangusa, mtu huyohuyo hufungua kopo la unga wa rangi ya kutu na masizi, akaupaka kwa brashi kwenye mabehewa mapya ili yaonekane yamechoshwa na safari. Vumbi la bure analifukuza. La dukani analilipia.

Lakini fadhila yake kuu ni hii. Reli iliyoachwa miezi mingi kama pambo hugoma, ilhali ile inayopitiwa na treni kila jioni huendelea vizuri zaidi, kwa kuwa magurudumu nayo huisugua. Vumbi, kwa hiyo, humwadhibu mwenye kuweka na humsamehe mwenye kucheza. Na huyo mwenye kucheza limempa kinga. Mkewe akimuuliza anafanya nini huko chini saa nne usiku, hujibu kwa uso mkavu kwamba yuko kwenye matengenezo. Bila Vumbi angelazimika kusema ukweli, kwamba anacheza na treni.